Usitoke Nje Ukipaliwa

Damari mwanangu,

Shangazi yako Salome amenifukuza ndani. Anasema leo nyumba ni ya wanawake, na kazi ya baba wa bibi harusi ilikwisha siku alipopokea barua ya posa. Basi nimehamia kwenye banda la viazi, nimegeuza kreti la karoti kuwa meza, na bado kuna mwanga wa kutosha kuandika. Nawasikia mnavyocheka huko. Sauti yako naitambua katikati ya zote, na kila nikiisikia natulia kidogo.

Habari za kuamka mapema, za kumwamkia mama mkwe, za chumvi na maji ya kuoga, sitazigusa. Salome anazo nyingi kuliko utakavyoweza kuzibeba mpaka huko Mnazi unakoolewa. Hata joto la huko bondeni naona wamekutisha nalo vya kutosha. Mimi nina jambo moja tu, na najua hutaki kulisikia kutoka kwangu, maana tangu Jumamosi ile ya wageni hujakaa kula mbele yangu. Unachukua sahani yako unakwenda nayo jikoni. Sikulaumu. Ningekuwa wewe ningefanya vivyo hivyo, na mlango ningeubamiza.

Nakuomba tu usome hadi mwisho, hata ukiwa na hasira.

Ulipokuwa shule ya msingi uliwahi kuniuliza swali ambalo sikulijibu. Tulikuwa tunakula ugali na kisamvu, wewe na mimi na marehemu bibi yako, ukaweka tonge chini ukasema, "Tate, mbona unanihesabia matonge?" Bibi akakukemea kwamba baba haulizwi hivyo. Mimi nikainamia sahani. Ulikuwa umeona kweli. Nilikuwa nakutazama mdomo, kila mlo, kila siku, nikikuona ukitafuna na kusubiri mpaka umeze. Najua uliamini nakuonea choyo cha chakula. Nikaona bora uamini hivyo.

Unajua mama yako alivyokufa. Hakuna mtu hapa kijijini asiyejua, na umekua ukisikia kwamba alipaliwa na nyama siku ya Krismasi akafia nyuma ya jiko. Lakini wote wanaosimulia husimulia ya huko nje. Mimi nilikuwa ndani, nimeketi mkabala naye, na ya ndani hujawahi kuyasikia kwa sababu aliyebaki wa kuyasema ni mimi.

Lazima nianzie kwa babu yako. Alikuwa mtu wa kanisa na wa kiboko. Mezani kwake hukuruhusiwa kukohoa wala kucheua, wala kuomba maji kabla yeye hajaomba. Ukipaliwa unaweka mkono mdomoni, unageuza uso, unainuka polepole, unatoka. Huko nje ukamalizane na koo lako, kisha urudi ukae kama hakuna lililotokea. Mimi nikiwa mdogo niliwahi kukohoa ugali ukamrukia mgeni kwenye koti. Nilichapwa palepale mbele ya huyo mgeni, na mgeni akasema asante.

Nilipomwoa mama yako nilimfundisha sheria hiyo kabla sijamwonyesha njia ya kwenda mtoni. Kwao Shume watu walikula wakiongea, wakicheka mpaka chakula kinawatokea puani. Wiki yake ya kwanza kwetu alipaliwa na mchuzi, akakohoa hapohapo, akapiga meza kwa kiganja, akaomba maji huku anacheka na machozi yanamtoka. Baadaye nikamwambia amenitia aibu. Nilisema kwa upole, sikumpandishia sauti. Ila nilirudia siku nyingine, nikarudia tena, mpaka akashika. Mama yako alikuwa mwepesi wa kushika mambo.

Krismasi ile mchungaji alikuja kula kwetu. Kwa kawaida wanawake wangekula jikoni. Mchungaji akasema leo tukae wote pamoja, na babu yako hakuwa mtu wa kumkatalia mchungaji. Mama yako akaja akaketi mbele yangu, kitenge kipya, wewe ukiwa mapajani kwa bibi. Nimeifikiria siku hiyo mpaka nimechoka kuifikiria. Angekuwa jikoni na kina Salome, wangempiga mgongo, wangempuliza utosini, wangepiga kelele na kumwita Yesu, wangefanya kila kitu cha maana na kisicho na maana, na kimojawapo pengine kingemwokoa. Heshima ya kuketi na wakubwa ndiyo iliyomtoa mikononi mwa wenzake.

Nilimwona, Damari. Hili ndilo nililokuja kulisema. Nilimwona akiacha kutafuna. Macho yalimtoka kidogo, akanitazama mimi, si mwingine. Nilidhani ananiomba ruhusa. Nikamwashiria kwa kichwa kwamba haya, nenda. Akaweka mkono mdomoni, akageuza uso, akainuka polepole, akatoka bila kugusa hata kikombe. Mchungaji akauliza kama mama anaumwa. Nikamwambia, "Amepaliwa tu, mchungaji. Huko kwao Shume lazima kuna mtu anamsema." Wote wakacheka. Babu yako alinitazama kwa kuridhika, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi, nami nikajiona nimeoa mke anayejua pa kukaa na pa kutoka. Nikaongeza mchuzi.

Nje hapakusikika kikohozi. Hata mara moja. Niliona ndiyo adabu yenyewe, kwamba anajizuia ili asitusumbue. Sikujua kwamba anayekohoa anapumua, na kwamba ambaye pumzi imemfunga hana cha kukoholea. Tulikula, tukaongea habari za bei ya kabichi na za paa la kanisa. Salome ndiye aliyetoka kwenda kuchukua sahani zaidi, na sauti aliyoitoa huko nje ndiyo hiyohiyo ninayoisikia hadi leo mtu yeyote akiniita kwa haraka.

Alikuwa kwenye tuta la maharage nyuma ya jiko. Nilikuta maharage yameng'olewa na mizizi yake, eneo zima, na kucha zake zimejaa udongo. Kiatu kimoja kilikuwa kimetelemka mpaka tuta la chini. Nilimgeuza, nikamwita, nikamtikisa mabega. Mchungaji akaomba. Hakuna aliyejua cha kufanya, na hata kama yupo aliyejua, muda ulikuwa umekwisha tulipokuwa tunaongea habari za paa.

Makaburini mzee mmoja wa kanisa alisimama akasema marehemu alikuwa na adabu mpaka dakika yake ya mwisho. Watu wakaitikia. Na mimi nikaitikia. Nilikuwa nimeshajitengenezea maneno ya kunilaza usiku, kwamba aliondoka kimya, hakuteseka, alizimika kama mtu anayesinzia. Tuta lile nililipanda upya kwa mikono yangu mwenyewe ili nisiyaone yale maharage yaliyong'olewa.

Miaka ilipita. Wewe ulikuwa umeanza shule. Nilikuwa nafanya kibarua cha kupasua mbao kwenye msitu wa Shume, na mchana mmoja wenzangu waliteremka kugeuza gogo, nikabaki peke yangu juu na kiporo cha makande. Ukungu ulikuwa unapanda na mvua inanukia, nikala kwa pupa ili nimalize kabla haijanikuta. Sikumbuki hata nilimezaje. Nakumbuka tu kwamba ghafla nilivuta pumzi na hakuna kilichoingia.

Hakuna maumivu mwanzoni. Nakuambia ili ujue. Kuna ukimya, kama bomba la kijiji siku maji yamekatika, unafungua na halitoi hata mlio. Mkono wangu ulikwenda shingoni wenyewe, sikuupeleka. Mdomo ulifunguka nikataka kuwaita wenzangu na sauti haikuwepo. Nilijaribu kukohoa, kifua kikasukuma na hakikuwa na cha kusukumia.

Halafu nikafanya jambo ambalo sijamwambia mtu. Niliweka mkono mdomoni, nikageuza uso, nikainuka, nikaenda kando. Msituni, Damari. Hapakuwa na baba yangu wala mchungaji wala mgeni mwenye koti. Nilikuwa nakufa na bado nilikuwa nawaonea misonobari aibu. Ucheke ukitaka, mimi mwenyewe huwa nacheka halafu nanyamaza.

Nikiwa nimesimama kule kando, mwili ukanikatalia. Sina neno jingine. Tumbo lilijikunja lenyewe, magoti yakaisha, macho yakaanza kuona giza pembeni, na miguu ikanirusha mbele bila kuniuliza. Niliangukia kisiki, ukingo wake ukanipiga chini ya mbavu. Kitu kikasogea kooni. Sikufikiri. Mikono ilinisukuma juu ikaniachia nianguke tena palepale, na tena, mpaka tonge la mahindi na maharage likaruka nje. Pumzi iliyoingia ilipiga kelele kama mlango wa bati unaoburuzwa. Nilitapika. Nilijikojolea. Makamasi yalinijaa mpaka kidevuni, nikalia kwa sauti kama mtoto aliyeachwa njiani. Mwili wangu haukuwa na haya hata chembe, na ni kwa sababu hiyo tu wewe uliendelea kuwa na baba.

Nilipokuwa nimelala pale juu ya kisiki, nguo zimelowa, ndipo nilipoyaelewa yale maharage. Mama yako hakuondoka kimya. Mwili wake ulipigana vilevile kama wangu, ulimwangusha, ukamburuza, ukashika kila kilichokuwa karibu. Ulikuwa unatafuta kisiki. Ulichokipata ni maharage. Na wakati wote huo sisi tulikuwa hatua chache tu kutoka pale, watu wazima chumba kizima, wenye mikono.

Nilishuka hadi zahanati, kifua kinauma. Muuguzi wa pale alikuwa binti mdogo, nikamweleza, nikamwambia na habari ya mama yako, ikiwa mara ya kwanza kumwambia mtu yeyote nilivyoiona mimi. Hakunipa pole. Alisimama akanionyesha. Alisema kooni kuna kifuniko kinachojifunga chenyewe kila tukimeza, na kikichelewa, kikohozi huja chenyewe kutoa kilichopotea njia. Hayo yote mwili unayafanya bila ruhusa yetu. Anayekohoa mwache akohoe, alisema, usimpe maji, usimpe tonge la kusukumia, wala usimpulize utosini. Aliyenyamaza ndiye wa kumkimbilia. Mwinamishe, mpige kwa kiganja katikati ya mabega, kwa nguvu kweli. Isipotoka, simama nyuma yake, mzungushie mikono, ngumi moja juu kidogo ya kitovu, uivute kwa ghafla ndani na juu, urudie. Na ukiwa peke yako, tafuta kiti au kisiki, ujiangushie. Nilimwambia hilo la mwisho nalijua.

Nikarudi nyumbani nikaanza kukutazama mdomo.

Ningeweza kukufundisha. Hapo ndipo ninapojikasirikia zaidi, hata kuliko ile Krismasi, kwa sababu Krismasi ile sikujua na baada ya hapo nilijua. Lakini kukufundisha kungekuwa lazima nikuambie nilimwona mama yako akitoka nikamruhusu kwa kichwa. Nikaona kukutazama ni rahisi. Na nilipokuwa nakutazama, bibi yako na Salome walikuwa wanakulea vizuri kama walivyolelewa wao, ukipaliwa geuza uso, inuka, toka. Sikuwahi kuwazuia. Ningewazuia kwa maneno gani?

Basi tufike Jumamosi.

Ulikuwa umekaa vizuri. Baba yake mchumba wako Gideoni anakuongelesha, mshenga anatania, kuku wa kienyeji mezani. Nikaona umeacha kutafuna. Ukaweka mkono mdomoni. Ukageuza uso. Damari, ulifanya vilevile, hata bega ulilitanguliza vilevile, na wewe hukuwahi kumwona akifanya. Ulipovuka mlango mimi nilikuwa nimeshasimama. Bakuli la mchuzi lilimwagikia mapaja ya mshenga, najua, nilimsikia. Nilikukuta kwenye tangi la maji umeinama, nikakukamata kwa nyuma nikakuvuta kwa nguvu zangu zote.

"Tate, niache! Nakohoa tu!" ulisema. Ulikuwa unakohoa kweli. Ulikuwa unakohoa tangu mlangoni, mimi masikio yangu yalikuwa yamejifunga. Nikaendelea kukubana mpaka ukanipiga kiwiko. Tulipogeuka, wanawake wa Mnazi walikuwa wamejaa mlangoni, na mama mkwe wako mtarajiwa ameshika kifua.

"Umenidhalilisha," ulisema taratibu, ukifunga kitenge chako. "Mbele ya watu wote hawa, Tate. Watasema kwetu kuna wazimu."

Niliingia ndani nimelowa mchuzi, nikaomba radhi. Hukuwepo, kwa hiyo hukusikia alichosema baba mkwe wako. Alitaka kunifariji, ni mtu mwema yule, nimemwangalia nimeridhika naye. Akanishika mkono akasema, "Usijali, mzee mwenzangu. Sisi tumeona kitu kimoja tu. Binti ana adabu sana." Wenzake wakaitikia.

Niliyasikia maneno hayo kwa mara ya pili katika maisha yangu, na safari hii wewe ulikuwa hai huko uani unaosha uso. Niliogopa, Damari. Niliogopa kuliko nilivyoogopa pale kwenye kisiki. Nilijua kwamba nakupeleka kwenye meza ya watu wema watakaokusifu unapotoka nje, na mimi sitakuwepo kukutazama.

Kwa hiyo sikuandikii nikutake uache adabu. Waamkie wote, piga goti, nyamaza wakubwa wakiongea, fanya yote ambayo Salome anakufundisha hivi sasa huku anakula maandazi yako. Lakini siku pumzi ikikufunga, usitoke. Kohoa hapohapo walipo, hata kama ugali utamrukia nani. Na kama kikohozi hakitoki, piga meza. Vunja sahani, vuta kitambaa na kila kilicho juu yake, mmwagie baba mkwe wako mchuzi wa moto. Shika shingo yako kwa mikono miwili wakuone. Mimi nitakuja mwenyewe Mnazi na mbuzi kuomba radhi, na nitaiomba kwa furaha kuliko mtu yeyote aliyewahi kuomba radhi.

Na Gideoni mfundishe. Mwambie, "Baba yangu ni mwehu kidogo, umeshasikia, atanisumbua nisipokufundisha hili." Simama mbele yake, umwonyeshe pa kuweka ngumi. Atacheka, mwache acheke. Kisha mwambie na hili, kwamba akikuona umeacha kutafuna unamtazama, humwombi ruhusa ya kitu chochote. Aje.

Mwili wako una akili yake, mwanangu. Unajua kutaka kuishi kabla wewe hujafikiria watu watasema nini. Mama yako alikuwa na mwili kama huo. Aliyeufundisha ukae kimya ni mimi, na sikuwa na haki hiyo, na siwezi kumwomba msamaha mahali alipo. Nakuomba wewe. Hulazimiki kujibu.

Wameacha kuimba huko ndani, nadhani mnakula. Nimeshajizuia mara mbili kuja kuchungulia dirishani.

Kesho asubuhi, kabla gari la kina Gideoni halijafika, nimemwomba Salome atutengee uji mimi na wewe, pale jikoni. Sijui kama utakuja. Ukija nitaweka macho yangu kwenye kikombe changu, nakuahidi, na sitakuhesabia hata funda moja. Wewe kunywa kwa kelele kama watu wa Shume, kohoa ukipenda, gonga kikombe. Nitakuwa nasikiliza tu. Nikisikia kimya ndipo nitakapoinua macho.

Ni mimi,
Tate